Michezo ya kupigana tuliyoipa kisogo inastahili nafasi katika kumbi zetu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi huliona kuwa la watoto, ilhali linawashughulisha vijana wa Nakuru, Kisumu na miji mingine ya magharibi mwa Kenya kila jioni, masomo na kazi zikiisha. Nazungumzia michezo ya video ya kupigana, hasa ile mizuri ambayo imepewa kisogo na wenye kumbi, na waandaaji wa mashindano, na hata na magazeti yetu. Ingia ukumbi wowote wa gemu kuanzia Kaptembwo hapa Nakuru hadi Kondele kule Kisumu na aghalabu utakuta orodha ileile: kandanda kwanza, kisha Tekken, kisha Mortal Kombat, basi. Ukiuliza mchezo mwingine wa kupigana, mwenye ukumbi atakutazama kwa mshangao kana kwamba hakuna mwingine duniani. Ipo, Mhariri, tena ni mingi, na baadhi yake imeundwa kwa ustadi unaoishinda ile tunayoishangilia kila siku.

Sina ugomvi wowote na Tekken. Tekken 3, iliyotoka mwaka 1997 katika mashine za kumbi za Japani na kuingia katika PlayStation mwaka 1998, iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8 duniani, na ilistahili kila moja ya nakala hizo. Waundaji wake walikuwa na wazo moja rahisi lenye akili nyingi: kila kitufe cha pedi, yaani kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mikononi, kinawakilisha kiungo kimoja cha mwili, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kushika pedi maishani anaweza kuketi na kuanza kurusha mateke papo hapo, na ndiyo maana mchezo huo ulitia mizizi katika vibanda vyetu ambako hakuna aliyekuwa na muda wa kusoma kijitabu cha maelezo. Tena umetupa fahari. Sylvia Gathoni, anayefahamika kwa jina la QueenArrow, amejijengea sifa kimataifa kupitia Tekken, na wasichana wengi wamepata ujasiri wa kushika pedi kwa sababu yake. Ninacholalamikia ni kwamba tumefika kwenye mlango mmoja, tukaufurahia, tukakaa kizingitini kwa zaidi ya robo karne bila kutaka kujua nyumba ina vyumba vingapi.

Sababu ya ufinyu huu si uvivu wa vijana, na nisingependa walaumiwe. Enzi za PlayStation ya kwanza na ya pili, diski nyingi zilizotufikia zilikuwa nakala za mitaani, na mwenye kunakili hunakili kile ambacho ana hakika kitanunuliwa kabla ya jua kutua. Mchezo ambao haukuwa na jina haukunakiliwa, na kwa kuwa haukunakiliwa haukuchezwa, na kwa kuwa haukuchezwa haukupata jina. Mzunguko huo ndio uliotupangia ladha yetu. Leo vijana wana simu, wana intaneti, na baadhi ya kumbi zina mashine za kisasa kabisa, lakini orodha haijabadilika kwa sababu mazoea hayafutwi na mashine mpya.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Mkenya mwenzetu. Vijana wote wa mtaani kwangu wanamjua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa Tekken 3 anayepigana kwa capoeira, kwa sababu hata mtoto akibonyeza vitufe vya mateke bila mpango, Eddy atazunguka kama pia na kumwangusha mtu mzima. Mwaka huohuo wa 1997 kampuni ya Capcom ilitoa Street Fighter III, na ndani yake alikuwamo msichana aitwaye Elena, naye pia mpiganaji wa capoeira, na nchi yake ni Kenya. Nimewauliza wachezaji wengi hodari hapa Nakuru kama wanamjua Elena. Wengi hawajawahi kumsikia. Wanamjua Mjapani, Mkorea, Mmarekani na Mbrazili wa kila mchezo, ila hawamjui yule aliyepewa bendera yao.

Nafahamu kwamba Elena aliumbwa na wageni kwa macho ya wageni. Ana nywele nyeupe na macho ya samawati, hupigana pekupeku, ni binti wa mtawala, na nyumbani kwake ni savana yenye wanyama, kana kwamba Kenya haina barabara wala shule wala soko la Kibuye. Hata capoeira si yetu. Ni sanaa iliyokuzwa Brazili na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao kutoka pande za Angola. Mwandishi yeyote wa hapa angeweza kuijazia Capcom ukurasa mzima wa masahihisho, na ningeusoma kwa furaha. Lakini tukishasema hayo yote, bado inabaki kazi ya mikono iliyomo ndani ya mhusika huyo, na kazi hiyo ni ya kustaajabisha. Elena hapigi ngumi hata moja. Vitufe vya ngumi vinapobonyezwa, yeye hujibu kwa miguu, na hata anapomkamata mpinzani na kumbwaga, humbwaga kwa miguu. Hatulii kamwe. Anaposubiri tu, bila kushambulia, kiuno chake kinayumba, mabega yanafuata, mikono inafuata mabega, na kila pozi limechorwa, picha baada ya picha, hadi jicho haliwezi kuona pale moja inapokwisha na nyingine kuanza. Ukipunguza mwendo wa mchezo na kumtazama anapopinduka kwa mikono ili kupiga teke la juu, utaona uzito wa mwili ukihama kutoka kiganja kimoja hadi kingine. Hata katika michezo ya leo si rahisi kupata mchoro wa aina hiyo.

Basi kwa nini hakutufikia? Street Fighter III iliundwa kwa ajili ya mashine ya kumbi iliyoitwa CPS-3, ambayo ilikuwa ghali na ilitengenezewa michezo sita tu katika maisha yake yote. Picha zake zilikuwa nyingi mno kwa kumbukumbu ndogo ya PlayStation ya kwanza, kwa hiyo Street Fighter III haikuwahi kuingia katika mashine ile iliyokuwa imetapakaa Kenya nzima. Ilipoletwa majumbani mara ya kwanza ilipitia Dreamcast ya Sega, mashine iliyositishwa mwaka 2001 na ambayo hapa kwetu ni wachache walioiona. Isitoshe, huo ulikuwa wakati ambapo dunia nzima ilikuwa imelewa michoro ya pande tatu, na mchezo wa michoro ya mkono ulionekana wa kizamani siku uliyozaliwa. Wapenzi wa Street Fighter wenyewe walinung'unika, kwa sababu toleo la kwanza liliwarudisha Ryu na Ken tu na kuwaacha nje Guile, Chun-Li na wengineo waliopendwa. Kwa hiyo mchezo huo ulikosa mashine, ukakosa wakati, ukakosa hata msamaha wa mashabiki wake.

Toleo la tatu la mchezo huo, 3rd Strike, la mwaka 1999, ndilo ninalowasihi wenye kumbi walijaribu kabla ya mengine yote. Katika michezo mingi ya kupigana, ukishambuliwa unavuta pedi nyuma na kujikinga. Katika 3rd Strike unaweza kufanya kinyume: unasukuma mbele, kuelekea pigo lenyewe, katika sehemu ndogo mno ya sekunde ambamo pigo linakufikia, nalo linakupita bila kukudhuru. Ukikosea kidogo umeumia. Ukipatia, umegeuza hatari kuwa nafasi ya kulipiza. Mwaka 2004, katika Evo, mashindano makubwa ya michezo ya kupigana, huko California, Mjapani Daigo Umehara alikuwa akimtumia Ken, uhai wake umebaki uzi tu, mbele ya Mmarekani Justin Wong aliyekuwa na Chun-Li. Wong alifungua shambulio lake kubwa la mapigo 15 mfululizo, na kujikinga kwa kawaida kusingemfaa Daigo, kwa sababu shambulio la aina hiyo humega uhai hata likikingwa. Daigo alisukuma pedi mbele na kulipangua pigo moja moja, yote 15, kisha akajibu na kushinda raundi, huku ukumbi mzima ukipiga mayowe. Video ya tukio hilo imezunguka dunia. Vijana wetu wengi wameiona, lakini wanaiona kama maajabu ya mbali, bila kujua kwamba mchezo huo umo katika mkusanyiko wa miaka 30 ya Street Fighter uliotolewa mwaka 2018, na kwamba unaendeshwa bila taabu na PlayStation 4 zilezile wanazochezea kandanda.

Elena alirudi pia katika Street Fighter 6 mnamo Juni 2025. Nilitarajia kwamba siku hiyo kumbi za Nakuru zingebandika picha yake mlangoni. Haikuwa hivyo, na nadhani gazeti lako lingeweza kusaidia, kwa maana habari ya Mkenya kurejea katika mmoja wa michezo mikubwa kabisa ya kupigana duniani inastahili angalau safu moja katika kurasa za michezo.

Mchezo wa pili ninaotaka kuutetea ni Bushido Blade, uliotengenezwa na Lightweight na kutolewa na Square mwaka 1997 kwa PlayStation ya kwanza. Huu ulivunja takribani kila kanuni. Hauna mstari wa uhai juu ya skrini. Hauna saa inayohesabu sekunde. Unachagua mmoja wa wapiganaji sita, unachagua silaha moja kati ya nane, kuanzia upanga mwepesi hadi nyundo kubwa, kisha pigo moja safi la kichwani au kifuani linamaliza kila kitu. Ukimkata mpinzani mguuni hafi, lakini atapiga magoti na kuendelea kupigana akijikokota chini. Ukimjeruhi mkono, mkono huo hautamfaa tena. Na katika safari ya mchezaji mmoja, ukimpiga adui mgongoni au ukimrushia mchanga machoni, utashangaa kuona hadithi inakatizwa mapema, kwa kuwa umevunja maadili ya wapiganaji wa upanga. Mchezo unaokudai heshima na kukuadhibu kwa kuikosa ulikuwa adimu wakati huo, na bado ni adimu.

Nimewahi kuuona ukichezwa katika kibanda kimoja mtaani Kaptembwo, juu ya PlayStation 2 iliyofungwa kifuniko kwa mpira wa baiskeli, kwa maana wengi wamesahau kwamba PlayStation 2 husoma diski za mashine iliyoitangulia. Kijana mmoja anayesifika mtaani kwa Tekken aliketi akiwa na uhakika wote wa bingwa. Alikimbia mbele akibonyeza kwa kasi kama alivyozoea, na kabla hajamaliza hatua ya tatu upanga ulishuka na mpiganaji wake akaanguka. Watu waliokuwa nyuma yake walidhani mashine imekwama. Walianza upya, akaanguka tena vilevile. Baada ya hapo kibanda kilibadilika. Wachezaji wawili walianza kuzungukana polepole katikati ya mianzi, mmoja akiinua upanga juu, mwingine akiushusha chini, kila mmoja akibadili mkao ili kuona mwenzake atafanya nini, na hakuna aliyebonyeza kitufe cha pigo kwa muda mrefu. Watazamaji, ambao kwa kawaida hupiga kelele hadi jirani analalamika, walikuwa wakinong'onezana mashauri. Tekken huwa inampa mchezaji nafasi ya kukosea mara nyingi katika raundi moja na bado akashinda. Mchezo huu haumpi nafasi hiyo, na kwa hiyo unamfunza subira ambayo kombo ndefu, yaani mapigo yanayofuatana bila kukatika, hazifunzi.

Kuna pia kisa cha kampuni ya SNK ya Osaka. Mwaka 1999 ilitoa Garou: Mark of the Wolves, ambao kwa maoni yangu ni mmoja wa michezo ya kupigana iliyosawazishwa vizuri zaidi katika enzi yake. Kabla ya pambano, mchezaji anaamua ni sehemu gani ya uhai wake itakayompa nguvu za ziada: mwanzoni ili aanze kwa kishindo, katikati, au mwishoni ili awe wa hatari anapokaribia kushindwa. Uamuzi huo mmoja hubadilisha pambano zima, kwa sababu mpinzani anauona na anaupangia. Tena anayekinga pigo katika dakika ya mwisho kabisa hurudishiwa uhai kidogo, jambo linalowatuza wenye macho makali badala ya wenye vidole vya haraka. Hata hadithi yake ina uzito usio wa kawaida: Terry Bogard, shujaa wa zamani, amemlea Rock, mtoto wa Geese Howard aliyekuwa adui yake mkubwa, na sasa kijana huyo amekua na ana damu ya mmoja na malezi ya mwingine. Lakini SNK ilifilisika mwaka 2001, na mchezo huo ukabaki bila mwendelezo kwa miaka 26, hadi Fatal Fury: City of the Wolves ilipotoka Aprili 2025. Vijana waliomwona Terry na mwenzake Mai wakiingia kama wageni katika Street Fighter 6 wangefurahi kujua wametoka wapi.

Namna hii ya kupotea imewapata wengi. Tobal 2 ya mwaka 1997, yenye wahusika waliobuniwa na Akira Toriyama, yule yule aliyechora Dragon Ball, ina wahusika wanaofikia 200 na mfumo wa kukamatana na kubwagana unaompendeza kila mpenda mieleka, lakini haikuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani. Bloody Roar, ambamo wapiganaji hugeuka kuwa wanyama katikati ya pambano, ilikuwa na mashabiki hata huku kwetu, na toleo lake la mwisho ni la mwaka 2003. Rival Schools, ya Capcom, ndiyo inayonishangaza zaidi kwa kutokuenea Kenya. Ni mchezo wa shule za sekondari zinazogombana, ambapo unachagua wanafunzi wawili, mmoja anapigana na mwingine anaitwa kuja kusaidia kwa shambulio la pamoja. Yupo mchezaji wa besiboli anayepigana kwa gongo lake, yupo wa voliboli anayekupiga kwa mpira, na hata walimu wamo. Nchi hii, ambamo watu wazima wenye familia bado wanabishana ni shule gani iliyokuwa bora kwa raga au drama, ingeupenda mchezo huo kupita kiasi. Mwendelezo wake, Project Justice, umerejeshwa katika mkusanyiko uliotolewa na Capcom Mei 2025, kwa hiyo kisingizio cha kwamba haupatikani kimekwisha.

Def Jam: Fight for NY nauweka peke yake kwa sababu hali yake ni tofauti. Huu ulifika Kenya, na mtu wa rika langu aliyekuwa na PlayStation 2 hawezi kuusahau. Ulitolewa na Electronic Arts mwaka 2004 na kutengenezwa na AKI, Wajapani waliokuwa mabingwa wa michezo ya mieleka, na umejaa wasanii halisi wa muziki wa kufoka kama Snoop Dogg, Method Man na Busta Rhymes. Kwa sababu hiyo wengi waliuchukulia kuwa burudani ya mashabiki wa muziki tu, na waandaaji wa mashindano hawajawahi kuufikiria. Wanakosea. Ndani yake mna mitindo mitano ya kupigana: ngumi za mitaani, kickboxing, sanaa za mapigano, mieleka na kukaba viungo, na mpiganaji unayemuunda mwenyewe anaweza kuchanganya hadi mitatu. Ukuta ni silaha. Watazamaji ni silaha pia; ukimsukuma mpinzani kwao watamkamata na kumshikilia uje umalizane naye, au watakupa rungu. Katika uwanja wa kituo cha treni unaweza kumsukumia kwenye reli garimoshi likipita. Anayecheza bila kujua amesimama wapi hushindwa hata kama mikono yake ni myepesi, na hiyo ndiyo sifa ya mchezo wa ushindani.

Najua majibu ninayopewa kila nikilileta jambo hili. Mwenye ukumbi husema wateja hulipia wanachokijua, na ni kweli kwamba anayelipa kwa kila pambano hataki kutumia pesa zake kujifunza vitufe. Lakini karibu kila ukumbi una saa za ukame, asubuhi na mapema mchana siku za kazi, mashine zikiwa zimewashwa na hakuna anayezigusa. Saa hizo zingetosha kuwaonjesha watu mchezo mpya kwa nusu ya bei. Wengine husema picha ni za zamani. Kwa Bushido Blade nakubali, sura zake zina pembe nyingi kuliko sura za binadamu. Kwa 3rd Strike na Garou sikubali hata kidogo, kwa sababu mchoro mzuri wa mkono hauchakai.

Wazazi nao wana hofu ya ukatili, na kwa jambo moja nawaunga mkono kikamilifu: mtoto mwenye sare ya shule hapaswi kuonekana katika ukumbi wa gemu saa za masomo, na mwenye ukumbi anayemruhusu anatuharibia jina sote. Ila hoja kwamba michezo ya kupigana ni ya kigeni kwa tabia zetu hainiingii akilini. Sisi ni taifa lililosimama kumshangilia Robert Wangila alipotwaa dhahabu ya ndondi ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988, na huko Kakamega watu huamka kabla ya mapambazuko kwenda kutazama fahali wakipambana. Ulimwengu pia umeshakubali: katika Michezo ya Asia ya Hangzhou iliyofanyika mwaka 2023, Street Fighter V ilikuwa mashindano ya medali, na dhahabu yake ilikwenda kwa Kim Gwan-woo wa Korea Kusini.

Kuna jambo la kiufundi ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo linatuhusu sisi wa magharibi mwa Kenya kuliko watu wa miji mikubwa ya Ulaya. Mchezo wa kupigana hauvumilii kuchelewa kwa mtandao. Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa Evo, alibuni mfumo uitwao GGPO ambao huifanya mashine yako ikisie kile mpinzani aliye mbali atakachobonyeza na kuendelea bila kungoja, kisha ikiwa imekosea hurudi nyuma na kurekebisha kwa haraka hivi kwamba mara nyingi huoni. Mfumo wa aina hiyo umeihuisha michezo mingi ya zamani kote duniani. Lakini hata huo una mipaka yake umbali ukizidi, na anayecheza kutoka Nakuru dhidi ya mtu wa Osaka ataumia tu. Michezo niliyoitaja iliundwa kwa watu wawili walioketi bega kwa bega mbele ya skrini moja. Haihitaji intaneti, haihitaji masahihisho ya kupakua kwa bando ya bei ghali, na mingi yake huendeshwa na mashine ambazo watu wanazitupa. Mazingira yetu, ambayo tumezoea kuyaona kuwa kikwazo, ndiyo hasa michezo hiyo iliyotengenezewa.

Ombi langu kwa waandaaji wa mashindano ni dogo. Katika shindano moja lililofanyika mjini hapa niliwasihi wahusika waongeze meza moja tu ya 3rd Strike pembeni, bila zawadi, nikajibiwa kwamba hakuna atakayekuja. Nawaomba tena, hadharani, wajaribu meza hiyo mara moja, na kama zawadi ni lazima iwepo, niko tayari kuchangia. Mashine na pedi za ziada nitazileta mwenyewe. Kwa wenye kumbi, naomba wachague mchezo mmoja wa kupigana usiokuwamo katika orodha yao na waupe mwezi mzima ukutani kabla ya kuuhukumu.

Na kwako, Mhariri, ombi ni hili: gazeti lako lina waandishi wanaoweza kueleza mbinu za kocha wa soka kwa Kiswahili kilichonyooka hadi mtu akauona uwanja. Waombe mmoja wao aketi na mchezaji wa hapa Nakuru au wa Kisumu, acheze mojawapo ya michezo hii, kisha awaandikie wasomaji jinsi inavyochezwa na kwa nini inapendeza. Akianza na Elena, nitamtafutia mwalimu.

Wako mwaminifu,
Mpenzi wa michezo ya kupigana,
Kaptembwo, Nakuru.